Mlio Usiokatika Barabara ya 83

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, Verlene Dreiling alikaa nyuma ya usukani dakika nzima akivitazama vioo vyote vitatu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mama mtu mzima, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, na kazi yake ilikuwa kusafirisha damu. Alizungukia hospitali ndogo za magharibi ya jimbo la Kansas, Marekani, akikusanya vichupa vya vipimo, akivipanga ndani ya deli la barafu na kuvifikisha maabara mjini Hays kabla ya saa kumi jioni. Maili mia tatu kwa siku. Barabara za kule zimenyooka kama uzi wa fundi mwashi, ngano kulia, ngano kushoto, na kwa ratiba aliyopewa mtu hawezi kufika Hays saa kumi akitii vibao vya mwendo. Wauguzi walilijua hilo, bosi wake alilijua, ila hakuna aliyelitamka.

Polisi naye alilijua. Oktoba alimkamata Verlene mara ya kwanza, Januari mara ya pili, na mara zote mbili alikuwa mtu yuleyule, Afande Ruel Stenzel wa polisi wa barabara kuu, mwembamba, mrefu, kofia imekaa sawasawa kama imepimwa kwa rula.

"Siku njema, mama," alisema mara zote mbili. "Leseni yako tafadhali."

Hakufoka. Verlene angependelea afokewe, maana mtu akifoka humwonyesha mwenzake pa kumshikia. Ile sauti ya upole ilimwingia mifupani ikakaa. Na kwa sheria ya jimbo lile, makosa matatu ya barabarani ndani ya miezi kumi na miwili, leseni inafungiwa kabatini. Leseni ikienda, kazi imekwenda, na pale nyumbani aliyekuwa na kazi ni yeye peke yake. Norbert, mumewe, aliendesha malori miaka ishirini na sita mpaka mgongo ukamshinda.

Basi akawa kama yule aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo anashtuka. Gari lolote jeupe kama la Stenzel lililoegeshwa kando lilimtoa mguu kwenye mafuta. Mkono wa kushoto ukaanza kufa ganzi kwa kushikilia usukani. Usiku alikuwa akisaga meno hadi Norbert anamwamsha.

Jumapili moja baada ya kanisa, Norbert alitoka stoo na kitu cheusi, kidogo, kama redio ya mfukoni.

"Shika hiki."

"Nini hiki tena?"

"Mbwa wako wa ulinzi. Kinanusa tochi ya polisi ya kupimia mwendo kabla tochi haijakunusa wewe."

"Norbert, ni halali?"

"Kwenye gari dogo ni halali. Kwenye malori wamekataza, ndiyo maana kimelala stoo miaka miwili. Na acha kuniangalia hivyo, sijakuletea bangi."

Akaenda naye garini, akakibandika kwenye kioo cha mbele, akachomeka waya wake kwenye tundu la kiberiti cha sigara, akakaa kando ya mkewe kwa taabu, mkono kiunoni. Kisanduku kilikuwa na mishale mitatu ya taa nyekundu, mmoja wa mbele, mmoja wa ubavuni, mmoja wa nyuma. Juu yake palitokea herufi za aina ya mawimbi kiliyoyanasa.

"Kikiandika X," Norbert alisema, "mara nyingi ni mlango wa duka, ule unaojifungua wenyewe. Kinapiga kelele ukilikaribia duka, ukilipita kinanyamaza. Kikiandika K, huenda ni mlango, huenda ni polisi wa mjini. Punguza mwendo, tazama. Kikiandika Ka, usijiulize maswali. Milango ya maduka haisemi Ka."

"Na nitajuaje kama yuko mbali au karibu?"

"Utasikiliza. Polisi mvivu anaacha tochi yake inawaka muda wote. Huyo utamsikia toka mbali, tip, halafu tip tip, mlio unapanda polepole kadiri unavyomfuata. Hana neno huyo, una muda wa kujipanga. Wa kuogopwa ni yule anayeizima, anakaa kimya kama paka, akikuona ndiyo anabonyeza. Hapo kisanduku kinapiga yowe zima kwa mara moja. Ukisikia hivyo ujue hujaonywa, umeshapigwa tochi."

"Na kikilia kidogo tu, kikanyamaza?"

"Usishangilie. Amempiga tochi aliye mbele yako. Bado yuko palepale, sasa anakungoja wewe."

Verlene alikigusa kisanduku kwa kidole. "Stenzel ni yupi kati ya hao?"

Norbert alijikuna shingo. "Stenzel ni wa kubonyeza."

Wiki za kwanza kile kisanduku kilimtesa kuliko polisi wenyewe. Kililia mbele ya duka la vyakula la mjini Scott City, akafunga breki hadi deli likateleza na kugonga kiti. Kililia kwenye benki. Kililia mbele ya kituo cha mafuta ambako palikuwa na kikongwe mmoja tu anayesukuma mlango unaojifungua. Lakini sikio likajifunza, kama sikio la mama linavyotofautisha kilio cha njaa na kilio cha homa. Ilipofika Machi aliweza kujua, bila kutazama herufi, kama mlio unatoka kwenye kitu kilichosimama au kinachomjia. Mara tatu kilimwokoa. Mara moja kilitoa sauti fupi, kikanyamaza, akapunguza mwendo, na maili moja mbele akamkuta Stenzel amesimama nyuma ya ghala la nafaka, akiandika bila kuinua kichwa.

Woga haukwisha. Ulibadilika sura tu. Zamani aliogopa alichokiona, sasa aliogopa asichokiona.

Jumanne moja ya Aprili upepo uliamka na watu. Mashamba yalikuwa yamelimwa na mvua haikuwa imenyesha tangu Februari, kwa hiyo ilipofika saa nane mchana vumbi lilikuwa limeinuka hadi jua likawa kama sarafu ya shaba. Verlene aliondoka hospitali ya Scott City akiwa amechelewa dakika ishirini. Muuguzi alimkabidhi kichupa cha mwisho, kidogo kama kidole cha mtoto.

"Hii ni ya kichanga wa siku mbili tu," muuguzi alisema. "Amekuwa wa manjano mpaka macho. Daktari kule Hays anangoja majibu. Usimcheleweshe, Verlene."

Akashika barabara ya 83 kuelekea kaskazini. Vumbi lilikuwa linakuja na kuondoka kama pazia. Likifunga, alitambaa maili thelathini kwa saa, taa zote zikiwaka, akiuona mstari mweupe tu pembeni. Likifunguka, alikanyaga mafuta hadi themanini. Magugu makavu ya duara, makubwa kama mapipa, yalivuka barabara yakibiringika, na kila mara gugu lilipogonga gari moyo wake uliruka.

Ilikuwa katika mojawapo ya nafasi hizo za uwazi, maili kama kumi na nne kusini mwa mji wa Oakley, kisanduku kiliposema *tip*.

Mguu ulitoka kwenye mafuta wenyewe. Akatazama. Ka. Mshale wa mbele.

*Tip. Tip tip.* Themanini ikawa sabini, sabini ikawa sitini. Alikuwa ndani ya sheria sasa, lakini jasho lilikuwa limeshamtoka kwenye viganja. Alinyoosha shingo kutafuta gari jeupe. Mbele palikuwa na lami, nguzo za umeme, waya wa mashamba, na daraja dogo la kijito kilichokauka. Hapakuwa na ghala, hapakuwa na mti, hapakuwa na kichaka cha kumficha hata sungura. Mlio ukapanda. Akafika hamsini. Sauti zikaungana zikawa mlio mmoja mrefu unaochoma sikio, ule ambao alishajifunza maana yake ni kwamba mtu yuko puani kwako.

Na hapakuwa na mtu.

Akalipita lile daraja amekaza meno. Mshale wa ubavuni ukawaka. Kisha wa nyuma. Alitazama kioo cha nyuma akitarajia taa nyekundu na bluu zimulike kutoka ardhini. Hakuna kilichomfuata. Mlio ukaanza kushuka. *Tip tip. Tip.*

"Asante, Mungu wangu," alisema kwa sauti, akakanyaga tena mafuta.

Alikwenda hivyo kama maili moja na nusu. Lakini sikio lilikuwa limebaki nyuma. Kuna kitu hakikukaa sawa katika mlio ule. Haukukatika. Ulipanda vizuri, ukashuka vizuri, bila kuzimwa hata mara moja, kama redio iliyoachwa inaimba katika nyumba isiyo na watu. Sehemu ile ya barabara ilikuwa ya Stenzel, siku zote, na Stenzel alikuwa mtu wa kubonyeza. Na hata kama angekuwa mwingine, polisi gani anakaa mahali pasipoonekana, anampiga tochi mtu aliyekuwa anakuja na themanini, halafu hamfuati?

Alijiambia ni mitambo ya wakulima. Akajiambia ni vumbi, huenda vumbi lina umeme. Akajiambia kwamba mtoto wa manjano anangoja. Kila alichojiambia kilikuwa na maana, ila sikio lilikataa. Kisha ikaja hofu ya upande wa pili: vipi kama yupo kweli, amejificha mahali asipopajua, na mwanamke anayegeuza gari katikati ya barabara kuu ndiye anayemtaka? Kosa la tatu. Alimwona Norbert amekaa jikoni na mgongo wake, anajifanya hana wasiwasi.

Akasimamisha gari. Alitazama mbele na nyuma, hakuwasha hata taa ya kupinda. Akageuza hivyohivyo.

Kisanduku kilianza tena, mshale wa mbele. Safari hii hakuukimbia mlio, aliufuata. Akaenda polepole mpaka mshale wa ubavuni ulipowaka, palepale darajani, akaegesha na kufungua mlango. Upepo ukaupokonya mkononi. Akakamata ukingo wa daraja akachungulia upande wa mashariki.

Aliona magugu makavu tu, rundo kubwa lililosukumwa na upepo hadi kwenye kingo za kijito. Alikuwa ameshageuka kuondoka alipoona tairi katikati yake. Tairi limetazama juu.

Aliteremka kwa makalio, akishika majani yaliyomchana viganja. Gari jeupe lilikuwa limelala juu ya paa lake, mbele limebanwa kwenye mwamba, na harufu ya petroli ilikuwa nzito kiasi cha kuwasha macho. Akayavuta magugu. Ndani, kichwa chini, mkanda ukiwa umemshikilia, alikuwa Afande Stenzel. Hakuwa na kofia. Uso ulikuwa wa kijivu, damu ilikuwa inatiririka kutoka mguu wa kulia uliobanwa chini ya usukani, ikimpita kifuani hadi shingoni.

Macho yalifunguka. Yalimtafuta, yakampata.

"Siku njema, mama," alisema kwa sauti nyembamba.

Verlene alitaka kulia. "Afande, nifanye nini? Niambie nifanye nini."

"Redio. Mkono wangu umevunjika."

Redio ya mawasiliano ilikuwa inaning'inia kwa waya wake upande wa abiria. Verlene alilala kifudifudi akajipenyeza kwenye dirisha lililovunjika, vioo vikimkwaruza tumbo. Upepo uligonga gari likayumba juu yake, chuma kikalia, na kwa sekunde chache hakuweza kusogea mbele wala nyuma. Aliwaza: nitafia hapa na mtu niliyemwogopa kuliko kifo. Kisha vidole vikagusa ile redio.

"Kituo," alisema, kama alivyosikia kwenye televisheni. "Kituo, nisikieni. Mimi si polisi."

Sauti ya mwanamke ikajibu, kali. "Nani anatumia redio hii?"

"Verlene Dreiling. Afande Stenzel amepinduka. Daraja dogo barabara ya 83, maili kumi na tatu kusini mwa Oakley, upande wa mashariki. Amebanwa, damu inamtoka nyingi. Ukiwa barabarani huwezi kumwona."

"Wewe umemwonaje, mama?"

Verlene alimtazama Stenzel. Stenzel alimtazama yeye.

"Nina kisanduku cha kunusa tochi," alisema. "Tochi yake bado inawaka. Kiliisikia."

Redio ikakwaruza. "Sawa, nimekupata. Gari la wagonjwa linakuja. Usiondoke hapo."

"Hiyo," Stenzel alinong'ona, midomo ikiwa myeupe, "imerekodiwa."

Verlene alipanda mbio hadi garini, akafungua mkanda wa kubebea deli, akarudi nao. Akaufunga juu ya goti la Stenzel, akaomba samahani, akachomoa rungu kiunoni mwa afande, akaliingiza ndani ya fundo na kulisokota. Stenzel alipiga kelele mara moja, ya juu, halafu hakupiga tena. Damu ikapungua, ikawa ya kudondoka. Verlene akapiga magoti kwenye mchanga ameshikilia rungu kwa mikono miwili, asithubutu kuliachia.

Gari la wagonjwa lilichukua dakika thelathini na tano. Mara mbili macho ya Stenzel yalifumba.

"Usilale, Afande. Wewe ni Mjerumani wa Volga kama sisi, wa wazee waliotoka Urusi? Kwenu mnapika maandazi ya kabichi na nyama?"

"Mama yangu." Alipumua. "Alizidisha pilipili manga."

"Haizidi. Wewe hujui kula tu."

Kona ya mdomo wake ilisogea. Baadaye akasema, taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi, "Kuna gari lilipita kabla yako. Nililisikia. Lilipunguza mwendo, halafu likaenda. Nikasema basi, imekwisha."

Verlene angeweza kunyamaza. Upepo ulikuwa unapiga, hakuna ambaye angejua.

"Ndilo hilihili," alisema. "Ni mimi."

Verlene akamwinamia aone kama anapumua.

"Basi lilirudi," Stenzel alisema.

Waokoaji na polisi waliofika walipomtoa kwa kukata chuma, Verlene alikumbuka mtoto. Aliwaeleza wale polisi kwa maneno yaliyopandana, na mmoja wao, jibaba lenye masharubu, alilichukua deli, akaliweka kiti cha mbele akalifunga mkanda, akaondoka na king'ora kuelekea Hays. Kichupa kilifika saa kumi na moja na robo. Mtoto aliwekwa chini ya taa za kutibu manjano kwa siku nne, akarudi nyumbani.

Verlene hakulala usiku ule wala uliofuata. Alikaa jikoni na koti lake.

"Umefanya jambo kubwa," Norbert alimwambia.

"Nilimpita, Norbert."

"Ukarudi."

"Nilimpita, nikamshukuru Mungu kwamba nimempita."

Norbert akainuka. Akamwekea kahawa, akakaa naye.

Mwezi Mei Verlene alikwenda kumtazama Stenzel hospitalini. Mguu ulikuwa umekatwa chini ya goti. Stenzel alimweleza kwamba alikuwa ameshabonyeza tochi kupima lori la nafaka pale vumbi lilipofunga. Paa wa porini akaruka mbele yake, naye akamkwepa. Mkono haukupata nafasi ya kuizima.

"Nilijua si kawaida yako," Verlene alisema. "Wewe huwa unaikata."

"Inaonekana mmenisoma vizuri," alisema, na hakuonekana kukasirika.

Hakusema atamfutia makosa yale mawili, na Verlene hakuomba. Waliongea habari za mvua. Stenzel alirudi kazini mwaka uliofuata, kwenye meza ya redio pale kituoni, na akabaki huko.

Agosti, polisi mgeni katika eneo lile alimkamata Verlene kwa tochi ya aina mpya, ile ya mwanga, ambayo kisanduku huipigia mlio mambo yakiwa yameshaharibika. Hakumweleza habari ya daraja. Alitia saini, akasema asante, na leseni ikafungiwa siku thelathini. Norbert aliendesha ile njia mwezi mzima akiwa amejifunga mkanda wa mgongo, akilalamika kila kilima, naye Verlene amekaa pembeni na deli mapajani. Bosi alijifanya haoni. Verlene alilala vizuri mwezi ule kuliko mwaka wote, jambo lililomshangaza mwenyewe, kisha leseni iliporudi, woga nao ukarudi, ingawa si mwingi kama zamani.

Aliifanya kazi ile miaka tisa zaidi. Kila alipofika kwenye lile daraja alipunguza mwendo hadi gari likawa linatambaa, akashusha kioo hata theluji ikiwa inaanguka, akatoa sikio nje. Madereva wa nyuma walimpigia honi, wengine wakampita wakimtukana kwa mkono. Aliwaacha wapite. Alingoja mpaka ahakikishe kwamba anachosikia ni upepo tu, ndipo akapandisha kioo na kukanyaga mafuta.